Bibi yako yuko kwenye barua, hayuko kwenye insha

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, nasoma HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), shule ya bweni hapa Dodoma. Tangu darasa la tano insha zangu ndizo zinazosomwa mbele ya wenzangu. Mwezi uliopita mwalimu wetu mpya wa Kiswahili alitupa kazi: tuandike habari za mzee mmoja tunayemfahamu, maneno 1,500, bila methali hata moja, bila misemo ya kukariri, na tukimaliza tukamsomee mzee mwenyewe. Nikamwandika bibi mzaa mama, ana miaka 78, yuko kijijini upande wa Kongwa. Nimepata 14 kwa 40, na chini kuna wino mwekundu: 'Sijamwona.' Nikarudia, nikapata 17. Natakiwa kurudia mara ya tatu baada ya likizo fupi. Nimelia sana. Je, kipaji changu kimeisha, au huyu mwalimu hanipendi tu? Aya ya kwanza nimeiambatanisha. Samahani kwa mwandiko, nimeandikia juu ya godoro. Bibi mwenyewe hana habari na haya yote. Kesi yake mwaka huu ni kwamba wajomba wamemjengea nyumba ya bati na wanataka kubomoa ile ya tembe, naye hataki, anasema bati linaukaanga mlenda."

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwandiko wako unasomeka, godoro halikuharibu kitu.

Mwalimu wako amesema insha yako haina bibi. Hajasema huna kipaji, hilo umeliongeza wewe njiani kutoka darasani hadi bwenini. Hata hivyo nina neno kwake pia, kama angenisikia: neno moja la wino mwekundu halimtoshi mtoto wa miaka kumi na saba. Lakini nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu na kuanza kuhariri miswada ya watu, najua jinsi madaftari tisini yanavyokaa mezani saa nne ya usiku. Hapo mtu huandika neno moja, na mara nyingine ndilo lenyewe. Kwa hiyo acha nimsaidie kulifafanua.

Aya yako hii hapa:

"Bibi yangu ni mwanamke mchapakazi, mwenye upendo, hekima na busara tele. Alizaliwa zamani sana katika familia duni. Amepitia maisha magumu tangu utotoni lakini hakukata tamaa. Kila siku jogoo wa kwanza anapowika, yeye huwa tayari ameshika jembe kuelekea shambani. Kwa hakika bibi yangu ni mfano wa kuigwa na jamii nzima."

Kosa la sarufi hakuna, alama za uandishi ziko mahali pake. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma ningekupa 30 na kuchora tiki kubwa. Sasa fanya jaribio hili: mchukue bibi huyu umpeleke Muheza. Halafu Bukoba. Halafu Newala. Je, kuna sentensi iliyovunjika? Hakuna. Mgeuze awe babu, utabadilisha maneno mawili tu. Aya inayoweza kuhamishwa nchi nzima bila kupasuka haina mtu ndani yake, na hicho ndicho mwalimu wako alichokiona, au tuseme ndicho alichokikosa.

Tuulize maswali ya kijinga. Bibi ana jogoo? Kama hana kuku, nani anawika hapo? Familia ilikuwa duni kwa kipimo kipi, na nani aliyepima? Mgogo mwenye ng'ombe arobaini na shati moja ni maskini au tajiri? Inategemea unamuuliza nani. Na hiyo "zamani sana" imenikera kuliko vyote, kwa sababu miaka 78 inatupeleka karibu na mwaka 1947, na mwaka huo upande wa Kongwa si mwaka wa kupitia juu juu. Ndio mwaka Waingereza walipoleta matrekta kufyeka pori wapande karanga, mradi uliomeza fedha nyingi na kuachwa mwaka 1951, ardhi ikiwa ngumu, mvua haitoshi, na mibuyu haing'oki. Huenda bibi yako alizaliwa trekta likinguruma mlima wa pili. Huenda baba yake alifanya kazi huko. Sijui, na wewe hukuuliza, ukaandika "zamani sana" ukasonga mbele.

Sasa turudi kwenye barua yako, mstari wa mwisho kabisa, ule ulioandika baada ya kumaliza kulia. Bibi hataki tembe libomolewe kwa sababu bati linaukaanga mlenda.

Nilipofika hapo niliweka chai chini. Kwa maneno yasiyozidi kumi nimemwona bibi. Nimeona paa la udongo, bapa, analolipanda kuanika majani ya mlenda wakati wa masika ili ayasage na kuyala kiangazi, maana huku kwetu mvua ikishakata Aprili haionekani tena hadi Desemba. Nimeona wajomba wenye nia njema na mabati yao. Nimeona mwanamke anayejua jambo la jua na majani ambalo fundi aliyejenga ile nyumba mpya halijui. Ni mkaidi kidogo pia, na ana sababu. Hayo yote hayamo katika insha ya maneno 1,500. Yamo kwenye barua ya kuomba msamaha wa mwandiko.

Kwa nini yaliingia huku yasiingie kule? Nadhani jibu la swali lako zima liko hapo. Una Kiswahili cha aina mbili, mwanangu. Kimoja cha kusimulia, unachozungumza na wenzako mkisuka nywele, ulichoniandikia mimi juu ya godoro. Kingine cha kutafutia maksi, ambacho umekijenga tangu darasa la tano, na kila kiliposomwa mbele ya wenzako ukakiongezea tofali. Hicho cha pili kimekuwa kizuri mno hata hakihitaji tena kuangalia kitu chochote. Unaweza kuandika habari za bibi, za mvua, za ajali ya basi na za sikukuu ya Idi bila kutoka bwenini. Mwalimu wako amekunyang'anya hicho, ndiyo maana umeanguka. Hata mimi ukininyang'anya miwani nitajikwaa.

Kwa hiyo simlaumu kwa kuzuia methali. Najua inauma, maana methali ndizo zilizokuwa zikikupa maksi. Lakini fikiria ile ambayo kila mwanafunzi anaitia akitaka kusifu uchapakazi: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa ni ufuko wa bahari. Mtu anayeshinda pwani hakosi kitoweo cha kuteremshia wali. Ni methali nzuri mahali ilipozaliwa. Sasa umbandike bibi wa Kongwa, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, na chakula chake ni ugali wa uwele kwa mlenda, kitu ambacho hata ukitaka kikauke kooni hakikubali. Methali imepita juu ya kichwa chake kama ndege ya kwenda Dar es Salaam.

Nikupe kisa changu, kwa sababu na mimi nilipigwa hivyo hivyo. Nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi alitutuma mnada wa Msalato tukae saa moja, turudi na kurasa mbili za tulichosikia. Si tulichoona, tulichosikia. Nikaandika: "Kulikuwa na kelele nyingi sana za kila aina." Akanirudishia daftari ameandika pembeni: "Kelele za nini?" Nikaandika upya: kelele za watu na mifugo. Akaandika tena: "Za nini?" Mara ya tatu nikakasirika, nikapanda basi nikarudi mnadani kwa nauli yangu, nikakaa karibu na wauza nyama nikiwa na nia ya kumkomoa. Nikaandika kila kitu: panga likigonga gogo, mafuta yakidondokea mkaa, dalali akitaja bei haraka hata namba zinashikana, fimbo juu ya ngozi ya ng'ombe, na mtu mmoja akimwita ng'ombe kwa jina na ng'ombe akigeuka. Huyo aliyeitwa jina alikuwa anauzwa. Nilikuwa nimeshapita pale mara mbili bila kumsikia mwenye ng'ombe akimuaga. Mkufunzi alinipa maksi za kawaida tu, wala hakunisifia. Lakini tangu siku ile, nikiandika neno kama "kelele" mkono unasita wenyewe.

Basi likizo hii fupi uende Kongwa, na uende kama mtu anayetafuta vitu, si sifa. Usimuulize bibi "maisha yalikuwaje?" Atakujibu "magumu, mjukuu wangu," nawe utaandika "magumu" na tutarudi palepale. Muulize vitu vya kushikika. Mlango wa tembe la mama yake ulitazama wapi? Ng'ombe walilala upande gani, na usiku uliwasikia? Nani alipanda paani kuziba udongo mvua ilipovuja? Ungo anaoanikia kausuka nani? Majani yakianikwa juu ya bati yanakuwaje hasa: yanabadilika rangi, yanapoteza utelezi, au harufu? Mwambie akuonyeshe. Panda naye.

Na muulize kuhusu kuhama. Mwaka 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma, familia za mkoa huu zikatolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Bibi yako alikuwa na miaka kama ishirini na nne, labda na mtoto mgongoni, labda huyo mtoto ndiye mama yako mkubwa. Inawezekana tembe analolilinda leo ni la pili maishani mwake na la kwanza aliliacha nyuma. Kama ni hivyo, kesi ya wajomba na mabati inakuwa kesi nyingine kabisa. Inawezekana pia haikumgusa, usimlazimishe jibu. Utajua kwa jinsi atakavyonyamaza au atakavyoendelea kuchambua mboga.

Angalizo moja kuhusu miaka: usimuulize ilikuwa mwaka gani. Wazee wetu huku hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa njaa. Njaa kubwa zina majina. Ile ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia iliitwa Mtunya, na jina hilo lilibaki midomoni mwa watoto na wajukuu wa walioponea. Muulize, "Hiyo ilikuwa kabla ya njaa ipi?" Utashangaa jinsi kumbukumbu inavyofunguka, na kutafuta mwaka utafanya wewe baadaye, maktaba.

Jambo la Kigogo najua linakusumbua, ingawa hukuliuliza. Bibi anazungumza Kigogo, insha ni ya Kiswahili. Wanafunzi wengi hapa hufanya kosa lilelile: wanamtafsiri bibi mpaka anaongea kama msoma taarifa ya habari. "Mjukuu wangu, ni muhimu sana kuhifadhi tamaduni zetu." Bibi gani anasema hivyo? Yeye alisema bati linaukaanga mlenda. Sikiliza umbo la sentensi yake, ufupi wake, mahali anapoanzia, halafu ulete umbo hilo kwenye Kiswahili. Neno moja au mawili ya Kigogo yaache yalivyo, mradi msomaji wa Mtwara aelewe kwa kutazama maneno ya jirani. Akikupokea kwa "mbukwa" huhitaji kueleza kwamba ni salamu, mtu yeyote ataona. Na usijione mgeni katika Kiswahili. Mathias Mnyampala, ambaye ngonjera zinahusishwa na jina lake kuliko la mtu mwingine, alikuwa Mgogo wa hapa hapa Dodoma, na kabla hajajulikana kwa mashairi alikuwa ameshaandika kitabu cha historia na desturi za Wagogo kwa Kiswahili, mwaka 1954. Lugha hii ina chumba chetu ndani yake.

Sasa ufundi kidogo. Tazama kitenzi chako "huwa tayari ameshika jembe." Hiyo "hu" ya mazoea ndiyo inayomfanya bibi awe sanamu. Bibi wa "hu" hulima, hupika, husali, hucheka, wala hafanyi chochote. Itumie pale tu unapohitaji kutuonyesha desturi, kisha toka haraka uingie siku moja, yenye jina. Nabuni mfano, maana sikuwepo:

"Huanika mlenda paani kila masika. Jumanne ile nilimkuta ameshapanda nusu ya ngazi, ungo kichwani, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa paa. Nikamwambia ashuke, nitaanika mimi. Akasema, 'Utaumwaga kama mchanga.' Akapanda. Nilibaki chini nimeshika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa."

Umeona kazi ya kila kimoja? "Hu" imefungua mlango mara moja ikatoka. "Li" imetusimamisha Jumanne. "Ki" ya "ukipapasa" imeufanya mkono uendelee wakati mwili umesimama. Na "ka" imesukuma tukio mbele, mara tatu tu, maana "ka" ikizidi hadithi inakuwa inakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani. Hakuna mahali nimesema bibi ni mchapakazi, wala kwamba mjukuu anampenda. Ukitaka kuviandika viandike, kisha uvifute uone kama kuna aliyevikosa. Tafadhali usiinakili aya yangu, mwalimu ataijua kwa harufu. Ngazi ya bibi yako inaweza isiwe ngazi, ikawa gogo lililochanjwa.

(Mhariri mmoja mwenzangu angekwambia hapa kwamba kuandika ni sawa na kupogoa mizabibu. Mkazi wa Dodoma akishaanza kufundisha uandishi lazima zabibu ziingie. Mimi nitakuepusha nalo.)

Hukuniuliza, lakini huenda unajiuliza kama mtindo huu utakuponza kwenye mtihani wa taifa. Mtihani una umbo lake: utangulizi, kiini, hitimisho, muda mfupi, msahihishaji aliyechoka. Lifuate. Lakini ndani ya kiini, aya moja yenye ungo na ngazi haijawahi kumponza mtu, na methali ukiitumia siku hiyo iwe moja, uliyoielewa inakotoka.

Rasimu ya tatu usiianze kwa kurekebisha ya pili. Iweke ya pili chini ya godoro hilo hilo. Andika upya kwa kuanzia pale unapomwona bibi vizuri zaidi, hata kama ni katikati, na mahali pa kuanzia utapajua mwishoni. Ukikwama, niandikie barua. Sitanii: chukua karatasi, andika "Shikamoo Mwalimu, bibi jana..." ukiendelea nusu ukurasa, halafu kata salamu.

Limebaki la kumsomea, na nadhani ndilo linalokutisha kuliko maksi. Nimeshaona wanafunzi wakisoma mbele ya mzee huku wakiruka mistari kimoyomoyo, kwa aibu, na mistari wanayoiruka ni ile ile ya "hekima na busara tele." Mdomo unakataa wenyewe, kwa sababu mwenye sifa ameketi hapo anachambua mawele. Kwa hiyo mwalimu wako hakuweka sharti hilo kama mapambo. Msahihishaji wa kweli ni bibi. Msomee polepole, na pale Kiswahili kinapompita umwambie kwa Kigogo. Shika kalamu. Akisema "hapana, haikuwa hivyo," usijitetee, andika alivyosema, hata kama sentensi yako ilikuwa tamu zaidi. Na akisema "hilo usiliandike," labda ni habari ya njaa, au ya mume, au ya mjomba fulani, lifute mbele yake akiona, na usiache nukta nukta za kumfanya msomaji aanze kubahatisha. Maneno 1,500 yanaweza kubaki 1,300. Kama mwalimu atapunguza maksi kwa hilo, mweleze kwa nini yamepungua. Akiwa ndiye ninayemdhania, hatapunguza.

Niandikie ukirudi. Nataka kujua bibi alifanya nini ulipofika mahali pa bati, na kama wajomba walikuwepo kusikia.